Tunda la Mti wa Pambo: Jina Kwanza, Mdomo Baadaye

Chukua matunda mawili yaliyoanguka kando ya barabara, moja chini ya mzambarau na jingine chini ya mwashoki. Yote mawili yametoka kijani yakaishia kwenye rangi nzito iliyokaribia weusi, yote yana kokwa moja, na kwa ukubwa hayapishani sana. Zambarau inajulikana: huuzwa kwa mafungu, huliwa kwa chumvi, hukausha kinywa kwa ukakasi wake na kuacha ulimi umebadilika rangi. Ni tunda maarufu kiasi kwamba rangi yenyewe tumeipa jina lake. Tunda la mwashoki, ule mti mrefu mwembamba wenye majani yaliyolegea kuelekea chini, unaopandwa kwa safu kando ya kuta za nyumba na ofisi, halihesabiwi kwetu kuwa tunda la kula. Sasa yageuze utazame ncha. Zambarau ina kiduara kidogo kilichobonyea, alama ya mahali ua lilipokuwa, mfano wa kile kitaji kilicho kitakoni mwa pera, kwani mpera na mzambarau ni ukoo mmoja. Tunda la mwashoki halina alama hiyo. Tazama pia yalivyoning'inia: ya mwashoki huchomoza kutoka sehemu moja, kila tunda na kikonyo chake kama njiti za mwavuli, kwa kuwa ua moja la mti huo huzaa matunda kadhaa yaliyoachana. Mwashoki ni ndugu wa mstafeli na mtopetope, na stafeli ni matunda ya namna hiyo yaliyoshikana yakawa bonge moja.

Ukaguzi huo hauchukui hata dakika moja, lakini ni wachache wanaoufanya. Mtu mzima akiulizwa na mtoto kama tunda fulani linaliwa, mara nyingi hujibu kwa vipimo vitatu alivyorithi bila kuvichunguza: je, ndege wanalila? Je, lina rangi ya kuvutia? Je, ukilionja ni tamu? Vyote vitatu havifai, na kuvitegemea ni hatari zaidi kwa miti ya mapambo kuliko kwa miti ya porini, kwa sababu miti mingi ya mapambo ni migeni. Imeletwa kutoka India, Meksiko, Madagaska na kwingineko ili itupe kivuli, ua, au izibe macho ya jirani. Hakuna aliyeipanda kwa ajili ya tunda, kwa hiyo habari za tunda hazikusafiri pamoja na mche. Muuza miche wa kando ya barabara atakueleza mti unakunywa maji kiasi gani na utafika dirishani baada ya miaka mingapi. Ukimuuliza kuhusu tunda, atakuambia ni la ndege.

Na tuanze na hao ndege. Pilipili kichaa inayojiotea uani bila kupandwa, aghalabu imeletwa na ndege. Ndege hawahisi ukali wa pilipili kabisa. Kile kinachotuchoma sisi ulimi hakiwagusi. Humeza, huruka, na kuiangusha mbegu nzima mahali pengine. Mmea unafaidika hivyo, kwani mnyama mwenye magego angeisaga mbegu. Kwa maneno mengine, mimea mingi imejijenga ili tunda lake limfae ndege na limkere mnyama atafunaye. Isitoshe, sumu nyingi zimo ndani ya mbegu au kokwa, na ndege anayekula nyama ya tunda tu akaipitisha kokwa nzima hajaionja sumu hiyo hata kidogo. Mfano ulio wazi ni mmelia, mti wenye maua ya urujuani yanayonukia, unaopandwa sana kwa kivuli. Ndege huvila vijitunda vyake vya manjano msimu mzima. Nguruwe wakivila hufa, na watoto waliovila katika nchi mbalimbali wamepata maumivu makali ya tumbo, kutapika na hata degedege. Mtu aliyeketi chini ya mmelia akiwatazama ndege wakishiba ana ushahidi mzuri sana, ila ni ushahidi kuhusu ndege.

Wapo watakaosema: basi ndege tumwache, tumtazame nyani au kima, maana hao wanatukaribia kimaumbile. Zanzibar ina jibu la swali hilo. Kima punju wanaoishi karibu na mashamba jirani na msitu wa Jozani hula majani ya mwembe na ya mkungu, miti miwili iliyoletwa na watu, ambayo majani yake yana kemikali zinazosumbua mmeng'enyo wa chakula. Watafiti waliowafuatilia miaka ya 1990 walieleza kwamba kima hao wamejizoeza kula mkaa: huokota vipande kwenye tanuru za wachoma mkaa na penye visiki vilivyoungua, wakavitafuna. Mkaa hunasa kemikali hizo tumboni, kwa njia ileile ambayo hospitali humpa mgonjwa aliyekula sumu mkaa maalumu uliosagwa. Anayemtazama kima mtini akala alichokila kima hajamwona kima huyohuyo baadaye akitafuta dawa yake. Hata mwarobaini, ambao nyama ya tunda lake lililoiva ina utamu na popo huigombania, umebeba ndani ya kokwa mafuta yenye nguvu nyingine kabisa: mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto wachanga waliougua vibaya ubongo na ini baada ya kunyweshwa mafuta hayo kama dawa.

Kipimo cha ladha ndicho kinachoaminika zaidi na ndicho kinachodanganya kwa ustadi zaidi. Ni kweli kwamba uchungu mara nyingi huashiria sumu. Hilo wakulima wa mihogo wanalijua vyema. Lakini kosa hutokea pale mtu anapoligeuza neno, akadhani kwamba kisicho kichungu hakina sumu. Mbono kaburi, mti mdogo unaopandwa kama ua wa boma na makaburini, na ambao miaka ya 2000 ulipigiwa debe kwa ajili ya mafuta ya kuendeshea mitambo, una mbegu zenye ladha nzuri inayokaribia karanga. Ndiyo maana habari za watoto waliolishana mbegu hizo zimejirudia katika nchi nyingi zinakopandwa: mmoja anaonja, anaona tamu, anawagawia wenzake, na baada ya muda si mrefu wote wanatapika na kuharisha. Ingekuwa chungu, angetema yule wa kwanza na habari ingeishia hapo.

Rangi nayo tusiipotezee muda. Kungu lililoiva laweza kuwa jekundu au la manjano na linaliwa. Kijitunda cha duranta, ule mmea wa ua wenye vishada vinavyong'aa kama shanga za dhahabu, ni cha manjano na kina sumu. Zambarau ni nyeusi. Na nyeusi vilevile ni tunda la zamani la ule mti mdogo wenye maua ya manjano mfano wa tarumbeta na majani membamba marefu, asili yake Meksiko na Amerika ya Kati, uliojaa kwenye bustani za pwani na bara. Huu wa mwisho unastahili kutazamwa kwa karibu, maana uko kwenye nyumba nyingi kuliko wenye nyumba wanavyojua. Kata jani lake moja na utomvu mweupe kama maziwa utachuruzika papo hapo. Tunda lake ni la kijani linalong'aa, lina mabega manne na mshono katikati, nalo hukauka likawa jeusi. Ndani yake mna kokwa ngumu ya pembetatu ambayo watoto hupenda kuichezea. Mti mzima, na mbegu hasa, una sumu inayovuruga mapigo ya moyo. Sri Lanka, ambako umepandwa sana kama ua, imekuwa na maelfu ya wagonjwa wa sumu hiyo tangu miaka ya 1980, hata mwaka 2000 jarida la The Lancet likachapisha jaribio la dawa ya kuwaokoa. Kwetu hauna hata jina moja linalojulikana na wote.

Kukosa jina huko kuna maana kubwa kuliko kunavyoonekana. Kiswahili kina desturi ya kuutaja mti na tunda lake kwa jozi: mwembe na embe, mzambarau na zambarau, mkunazi na kunazi, mbungo na bungo, mfuu na fuu, mkungu na kungu, mkwaju na ukwaju, mbuyu na ubuyu. Jozi kama hiyo haizaliwi hivihivi. Huzaliwa kwa sababu vizazi vya watu walilihitaji jina la tunda ili waliuze, walitume, waligombanie na kulikataza. Sasa jaribu kutamka jina la tunda la mwashoki, la mjakaranda au la mkrismasi. Utalazimika kusema "tunda la mti fulani", na huo ndio uthibitisho kwamba hakuna kizazi kilichoketi chini ya mti huo na kulila. Lugha hapa ni kama daftari la majaribio yaliyofanywa na watu wengi kwa muda mrefu, baadhi yao kwa gharama kubwa. Tunda lisilo na jina lake ni ukurasa mtupu katika daftari hilo, na ukurasa mtupu hausomwi kuwa ni ruhusa.

Daftari hilo, hata hivyo, lina makosa yake, na asiyeyataja anajenga hoja ya upande mmoja. Tunguja lina jina na halifai kuliwa. Mbono una jina kwa sababu ya mafuta. Na kosa kubwa kuliko yote ni jina moja kuvikwa miti miwili. Huo mmelia wenye vijitunda vya sumu, wapo wanaouita mwarobaini, au mwarobaini nusu, na kuutumia vivyo hivyo kwa kudhani kwamba dawa ni ileile. Kweli ni jamaa, lakini si mti mmoja, na kuitofautisha ni rahisi ukijua pa kutazama. Chuma jani zima kuanzia linapoungana na tawi. La mwarobaini lina uti mmoja, na vijijani vyenye meno vimepangwa huku na huku kama mbavu, kila kimoja kimepinda kidogo kama mundu. La mmelia lina uti unaotoa matawi, na matawi hayo ndiyo yanayobeba vijijani. Maua ya mwarobaini ni meupe, ya mmelia ni ya urujuani. Tunda la mwarobaini ni refurefu kama zeituni dogo. La mmelia ni la mviringo kama gololi, na hubaki likining'inia limejikunja hata majani yanapopukutika. Kokwa ya mmelia ina mifereji kama boga na tundu la asili katikati, ndiyo maana katika nchi kadhaa imetungwa kuwa tasbihi na rozari. Mtu aliyeyaona haya mara moja hawezi kuichanganya tena.

Tuseme jina tumelipata. Bado hatujamaliza, kwa sababu swali "mti huu unaliwa?" limekosewa toka mwanzo. Miti hailiwi; huliwa sehemu fulani, ikiwa katika hali fulani. Nani atauita mkorosho mti wa sumu? Na bado ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayounguza ngozi, na wabanguaji wa Mtwara na Lindi wanazijua alama zake mikononi. Bibo linaliwa, korosho iliyotayarishwa inaliwa, ganda haligusi mdomo. Lokwati, ambalo ni tunda la bustani nyingi za Nairobi na nyanda za juu, lina nyama tamu na mbegu kubwa za kahawia ambazo zikitafunwa hutoa sianidi. Mbegu hutemwa, basi. Jamaika hupika kama kitoweo chake cha fahari tunda la aki, lililotoka Afrika Magharibi, na kila mpishi wa huko anajua sheria: lisifunguliwe kwa kisu likiwa bichi, lisubiriwe lipasuke lenyewe mtini, na iliwe ile nyama ya manjano tu iliyoshika mbegu nyeusi. Kabla ya hapo lina sumu inayoshusha sukari ya damu hadi kuua.

Mwegea ndio mfano ninaoupenda kuliko yote, maana uko barabarani na kwenye viwanja vya hoteli zetu, umening'iniza matunda kama soseji za jitu, mengine ya kilo nyingi kiasi kwamba mwenye akili haegeshi gari chini yake. Tunda bichi huumiza tumbo na kuharisha vibaya. Lakini Wakikuyu wamelipasua, wakalisafisha, wakalianika na kulitumia kuchachusha pombe ya asali au ya miwa, muratina, ambayo imechukua jina la mti wenyewe kwa Kikuyu. Mtu anayesema "mwegea ni sumu" na anayesema "mwegea tunautumia tangu zamani" wote wamesema kweli, na wote wamesema nusu. Mtapo nao ni vivyo hivyo. Mmea huu wa pwani unaofanana na mnazi mfupi, ambao siku hizi umekuwa pambo la bustani za kifahari, uliwahi kuwa chakula cha njaa kwa watu waliojua kuukata, kuuosha na kuuchachusha mpaka sumu itoke. Mwaka 1901, wakati wa vita vya Makaburu na Waingereza, Jenerali Jan Smuts na wapiganaji wake walikuta mbegu za jamii hiyo ya mitapo kwenye milima ya Zuurberg nchini Afrika Kusini. Walikuwa na njaa, wakazila bila kujua matayarisho, na nusura jenerali mwenyewe afe.

Hapa ndipo panapoingia pingamizi la wazee. Je, si wao waliotufundisha matunda, na je, tunawadharau kwa kudai majina na ukaguzi? Sivyo. Mfano wa mtapo unaonyesha kwamba elimu yao ilikuwa kali kuliko yetu: walijua jina, sehemu, msimu na namna ya kutayarisha. Tatizo ni kwamba elimu hiyo ilikuwa ya miti ya kwao. Bibi wa Tanga anayeweza kukutajia matunda ishirini ya kichakani hana sababu yoyote ya kujua tunda la kichaka cha Meksiko kilichopandwa na mpangaji mwaka juzi, na akilikataa kwa kuwa halijui, hiyo ndiyo hekima yake. Pingamizi lingine ni la yule anayesema alikula akiwa mdogo na hakupatwa na kitu. Huenda ni kweli. Sumu ya mmelia hutofautiana kati ya mti na mti. Mbegu ya mnyonyo iliyomezwa nzima huweza kupita salama huku iliyotafunwa ikamlaza mtu hospitali. Kupona kwake ni habari ya siku ile na mbegu ile, wala hakumlindi mtoto mwingine.

Wengine watauliza kwa nini tujisumbue ilhali simu zina programu za kutambua mimea kwa picha. Zitumike, zinasaidia. Lakini watu huipiga picha sehemu isiyosema mengi, yaani tunda lililochumwa, limekaa kiganjani. Tunda la mviringo la manjano laweza kuwa la miti mia. Jani zima, mpangilio wa majani kwenye tawi, utomvu, na ua likipatikana, hivyo ndivyo vinavyoutaja mti. Na jibu la programu lichukuliwe kama jina la kwenda kuulizia, lisichukuliwe kama cheti cha kula. Na kwa wale watakaohitimisha kwamba dawa ni kuogopa kila tunda la mjini, au kuikata miti yote yenye sumu, hao nao wamepita kiasi. Mkungu ulio mbele ya nyumba nyingi za pwani hutoa nyama inayoliwa na kokwa yenye lozi safi kwa mwenye subira ya kuigonga kwa jiwe. Kunazi, ukwaju, zambarau, vyote huoza barabarani huku watoto wakinunuliwa peremende. Mti wenye maua ya manjano na utomvu mweupe unaweza kuendelea kupendezesha ukuta wa ofisi. Pasipouhusu ni uwanja wa chekechea, na hapo ung'olewe.

Ikitokea mtoto amekwisha kula asichokijua, asilazimishwe kutapika na asipewe dawa ya kubahatisha. Apelekwe hospitali, na pamoja naye lichukuliwe tawi lenye majani na tunda, kwa sababu daktari hawezi kutibu "kitunda chekundu". Na kama unao mti uani ambao hakuna mtaani anayeujua, usingoje siku hiyo. Kata tawi lenye majani, ua na tunda, lilaze kati ya kurasa za gazeti chini ya kitu kizito, andika mahali ulipolikata na rangi ya ua lilipokuwa bichi, kisha ulipeleke kwa wataalamu wa mimea. Nairobi ina hifadhi ya mimea iliyokaushwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam iko Chuo Kikuu, na Kampala iko Makerere. Makabati ya hifadhi hizo yamejaa matawi yaliyokaushwa kwa njia hiyohiyo, na gazeti la jana linatosha.